Barua ya wazi: Tuambieni ukweli wa kilichomo kwenye sufuria

Kwa Waziri wa Afya. Waziri wa Maliasili na Utalii. Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Viwango Tanzania. Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Maofisa afya wa halmashauri zote. Na wenye hoteli, migahawa na kumbi za sherehe.

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa mama wa binti mwenye ugonjwa wa seliaki. Dawa yake haiuzwi duka la dawa. Dawa yake ni kutokula kabisa ngano, shayiri na rai, wala chochote kilichotengenezwa kwa nafaka hizo, leo, kesho na maisha yake yote. Nyumbani tumeshalizoea hilo, na wala si kazi ngumu. Tunakwama tukishavuka mlango: mgahawani, hotelini, harusini, safarini, shuleni. Na hatukwami kwa kukosa chakula. Tunakwama kwa sababu anayetuuzia chakula mara nyingi hajui kilichomo ndani yake, na hakuna anayemuuliza.

Naomba mnivumilie nieleze ugonjwa wenyewe kwanza, maana wengi hawajausikia. Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano na ndugu zake. Ndiyo inayofanya donge la chapati livutike bila kukatika, ndiyo inayoshikilia mkate ukaumuka. Kwa mtu mwenye seliaki, gluteni ikifika kwenye utumbo mwembamba, kinga ya mwili inaugeukia utumbo wenyewe na kuushambulia. Vile vijinyuzi vidogo sana vinavyofyonza virutubisho vinasinyaa. Mtu anakula, anashiba, lakini mwili haupati kitu. Mtoto anaweza kuharisha, kujaa tumbo, kukonda mikono na miguu, kudumaa. Mtu mzima anaweza kuwa na upungufu wa damu usiosikia vidonge, mifupa dhaifu, uchovu usioeleweka, hata mimba kuharibika. Wengine hawaharishi hata siku moja, na ndiyo maana wanapita hospitali nyingi bila kugundulika.

Kwetu dalili hizo zina majina yake tayari: minyoo, amiba, utapiamlo. Binti yangu alimezeshwa dawa za minyoo na vidonge vya kuongeza damu kwa miaka, mpaka daktari mmoja alipoagiza kipimo cha damu, kisha kamera ikapitishwa mdomoni na kinyama kidogo cha utumbo kikachukuliwa kwenda kupimwa. Siwalaumu waliotangulia. Ugonjwa huu unafanana na mambo mengi, na minyoo kwetu ipo kweli.

Elimu ya kuutambua ilichelewa hata Ulaya. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, ndiye aliyeonyesha kwamba shida ni ngano. Majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945 Uholanzi ilikumbwa na njaa ya vita, mkate ukakosekana, watu wakala mpaka vitunguu vya maua. Watoto wengine walidhoofika. Wagonjwa wa seliaki wakapata nafuu. Mkate uliporudi, nao wakarudi kuugua. Alichapisha matokeo yake 1950. Tangu hapo hakuna tiba nyingine iliyothibitishwa zaidi ya chakula kisicho na gluteni.

Nimeambiwa mara nyingi kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Si kweli. Ulimwenguni unakadiriwa kumpata takriban mtu 1 kati ya 100, na kiwango cha juu kuliko vyote kilichowahi kuripotiwa kilipatikana hapa hapa Afrika, kwa Wasaharawi, ambako utafiti uliochapishwa 1999 ulikuta zaidi ya watoto 5 katika kila 100 wanao. Upo Afrika Kaskazini, upo Uarabuni, upo Bara Hindi. Ugonjwa huu unafuata damu ya ukoo, na pwani yetu imeoana na Uarabuni na Bara Hindi kwa karne nyingi. Sioni sababu ya kuamini kwamba binti yangu yuko peke yake. Naona sababu nyingi za kuamini kwamba wenzake hawajapimwa.

Neno tunaloambiwa kuliko yote mezani ni hili: "Kidogo tu, mama, hakimdhuru." Linasemwa kwa upendo, na kwa mila zetu kukataa chakula cha mtu ni kumvunjia heshima, kwa hiyo kila mara tunalazimika kuchagua kati ya afya ya mtoto na uso wa mwenyeji. Lakini kidogo kinadhuru. Utafiti wa Italia uliochapishwa 2007 ulionyesha kwamba miligramu 50 za gluteni kwa siku, zikiendelea kwa miezi mitatu, zinatosha kuharibu utumbo wa mgonjwa. Kipande kimoja cha mkate wa kawaida kina zaidi ya miligramu 2,000. Pigeni hesabu wenyewe mwone makombo ya kisu cha mkate yana uzito gani kwetu. Tena gluteni si kijidudu kwamba ukichemsha kinakufa. Moto wa jikoni hauiondoi, mafuta ya moto hayaiondoi.

Sasa nije kwenye migahawa.

Siku moja tulikaa kwenye mgahawa mzuri hapa Dar es Salaam, wenye vitambaa mezani na menyu ya picha. Nilimweleza mhudumu polepole kwamba binti haruhusiwi ngano hata punje, nikamuuliza kama rosti ya kuku ina unga. Alikuwa kijana mwenye adabu. Akaenda jikoni, akarudi: "Haina unga, mama. Ni nyanya, vitunguu na viungo tu." Nikaomba kumwona mpishi. Pale juu ya meza ya jikoni palikuwa na jagi la plastiki, ndani yake unga wa ngano uliokorogwa kwa maji baridi, mweupe kama maziwa, na upawa umesimama humo. Nikauliza ni wa nini. Mpishi akanijibu kwa moyo mweupe kabisa: "Huu wa kufanya mchuzi uwe mzito, mama. Tunatia kidogo mwishoni."

Hakuna aliyenidanganya pale. Mhudumu aliuliza kuhusu unga akifikiria kuku aliyegaragazwa kwenye unga kabla ya kukaangwa, na mpishi akajibu hilo aliloulizwa. Lile jagi halikuwa akilini mwa yeyote kwa sababu halijaandikwa popote. Mapishi yote ya mgahawa ule yamo kichwani mwa mpishi. Siku yake ya kupumzika yanaondoka naye, anashika mwenzake upawa, naye ana mkono wake. Mimi nikirudi wiki ijayo, jibu la leo halinisaidii kitu.

Tunakokula kwa amani ni kwa mama lishe mmoja karibu na kituo cha daladala. Hana menyu. Ana jiko la mkaa, benchi mbili na sufuria zake. Nilipomweleza mara ya kwanza, hakuniambia "hamna shida", neno ambalo nimejifunza kuliogopa. Alifunua vifuniko kimoja kimoja. "Huyu samaki nimemkaanga mwenyewe alfajiri, mafuta mapya, sikutia kitu ila chumvi na ndimu. Maharage nimeunga kwa nazi. Wali huu hapa. Ila chapati nasukumia meza hii hii, dada yangu, na huu mwiko umepita kwenye ndondo zilizoliwa na chapati, kwa hiyo mtoto nitampakulia upande ule, kwa kijiko kipya." Akaosha mikono, akampakulia.

Nimelifikiria sana jambo hili. Mama yule anajua kwa sababu amenunua mwenyewe, amepika mwenyewe na anapakua mwenyewe. Kwenye hoteli kubwa aliyenunua bizari ni mmoja, aliyeunga mchuzi ni mwingine, aliyeupasha moto jioni ni wa tatu, na anayesimama mezani kwangu ni wa nne, ambaye pengine hajawahi kuruhusiwa kuingia jikoni zaidi ya dirishani. Jibu linapotea njiani, na hapo ndipo karatasi inapohitajika.

Nasema kwa uhakika kwamba chakula chetu wenyewe kiko upande wetu. Ugali wa mahindi, wali, ndizi za kupika, mtori, mihogo, magimbi, viazi vitamu, mtama, ulezi, uwele, kunde, choroko, dagaa, nyama choma, kisamvu, mchicha: hakuna hata kimoja ambacho kwa asili yake kina gluteni. Ngano tunayokula nchini sehemu kubwa inashushwa bandarini kutoka nje. Kuna nchi ambako mgonjwa wa seliaki anatafuta mbadala wa karibu kila kitu alichozoea. Sisi tulizaliwa na mbadala huo shambani. Mikate maalumu ya kutoka nje ipo kwenye baadhi ya supamaketi, bei yake haishikiki, na kwa kweli hatuihitaji.

Kinachotutesa ni unga wa ngano kuingia kimyakimya pale usipotarajiwa. Chukueni urojo. Mtu anaona bhajia, viazi, maembe mabichi, chatne, anaamini hakuna ngano. Kumbe ule mchuzi wa manjano wenyewe kwa kawaida unashikwa na unga wa ngano. Viazi karai, wapo wanaochovya kwenye unga wa dengu na wapo wanaochovya kwenye unga wa ngano, na ukishakaangwa rangi ni ile ile ya bizari. Vitumbua ni vya mchele, nami nilikua nikijua hivyo, lakini siku hizi wapo wanaochanganya ngano ili viumuke na mchele usiishe haraka. Kababu inashikwa na mkate uliolowekwa, katlesi inagaragazwa kwenye chenga za mkate. Mishkaki ni nyama na viungo mpaka mtu alipotia sosi ya soya, ambayo mara nyingi hutengenezwa kwa soya na ngano. Soseji ndiyo usiulize. Injera, ule mkate wa Kihabeshi, ikiwa ya nafaka ya tefu tupu ingetufaa sana, ila wengi wanaipunguza makali ya bei kwa kutia ngano.

Chipsi ndizo zinazoniuma zaidi, kwa sababu ni chakula cha kila kijana wa Kitanzania na viazi havina kosa lolote. Simameni mbele ya kibanda chochote cha chipsi mtazame lile karai. Zimetoka sambusa, kimeingia kiazi. Vimebaki vipande vya maganda ya sambusa chini, vimeungua vyeusi, vinazunguka na mafuta. Ukimuuliza muuzaji kama chipsi zake zina ngano atakuapia hazina, na kwa anachojua yeye anasema kweli. Binti yangu ana rafiki zake, wanatoka shule pamoja, wanasimama hapo kila siku, yeye anashika soda.

Hata kabla ya jikoni kuna mashine ya kusaga. Mahindi yako safi, umeyapepeta mwenyewe, unafika mashineni aliyekutangulia amesaga ngano, au amesaga ule mchanganyiko wa uji wa lishe wenye ngano ndani. Unga wa kwanza unaotoka kwenye mpira ule si wa mahindi peke yake. Sisi tumezungumza na mwenye mashine wa mtaani kwetu, anatuita asubuhi baada ya kusafisha, na debe la kwanza linapita la mtu mwingine asiye na shida hii. Mgahawa unaonunua ulezi uliosagwa hauna njia ya kulijua hilo iwapo msagaji haandiki chochote kwenye mfuko. Bizari za kupima sokoni nazo ni hivyo hivyo, maana wapo wanaoziongeza uzito kwa unga.

Kuhusu sherehe nitasema kwa urefu kidogo, kwa sababu huko ndiko mtoto anakojifunza kama yeye ni mtu kati ya watu.

Sisi ni watu wa shughuli. Kuna ubarikio, maulidi, kipaimara, sendofu, kitchen party, harusi yenyewe, arobaini. Tunachanga miezi kadhaa, tunashona vitenge vya kufanana, halafu tunaingia ukumbini. Na kwenye mlango wa kumbi nyingi kuna maandishi: chakula na vinywaji kutoka nje haviruhusiwi. Ninaelewa biashara, mwenye ukumbi ana mpishi wake na ana mauzo yake. Lakini mlinzi amewahi kufungua mkoba wangu, akakitoa kihotpoti cha mtoto chenye wali na kuku, akakiweka chini ya meza yake. Nilimwonyesha cheti cha daktari. Akasema, "Mama, mimi nimeambiwa nisipitishe chakula." Alikuwa anafanya kazi yake. Ndani, meza ya bafe ilikuwa imepangwa vizuri kabisa: pilau, wali, ndizi, kuku, samaki, saladi. Vitu vingi pale vingemfaa. Ila upawa mmoja ulikuwa unatembea kutoka kwenye rosti kwenda kwenye ndizi, koleo la chapati ndilo lililochukulia kuku, na watu wa meza kumi walikuwa wameshapita kabla yetu. Binti alikula matikiti na ndizi mbivu mpaka saa sita usiku, na kila shangazi aliyepita alimuuliza kwa nini hali, kama anajikondesha.

Dawa ya hili ni nyepesi. Mgonjwa apakuliwe kwanza, kabla bafe haijafunguliwa, kutoka kwenye sufuria zilizoko jikoni. Au aruhusiwe kuingia na chakula chake akiwa na karatasi ya daktari. Vyote viwili havimgharimu mwenye ukumbi hata shilingi moja. Kinachotakiwa ni yeye kuambiwa na mwenye mamlaka kwamba hilo ni la lazima, ili mlinzi wa mlangoni naye awe ameambiwa.

Safarini sina mengi. Basi linasimama kwa dakika chache, watu wanakimbilia chooni na kwenye dirisha la chakula, hakuna nafasi ya kuulizana habari za unga. Tunabeba viazi vitamu na mayai ya kuchemsha kutoka nyumbani.

Waheshimiwa, jambo linalonipa matumaini, na pia linalonifanya nithubutu kuwaandikia, ni kwamba kazi hii nchini tayari inafanyika. Nendeni kwenye hoteli za watalii za Nungwi, Paje, au kambi za kulala wageni huko kwenye hifadhi. Mgeni kabla hajapanda ndege anatumiwa fomu: una mzio wa chakula gani? Hula nini? Akifika, mpishi anajua jina lake. Wapishi hao ni vijana wetu, wamesomea hapa hapa, na wanaiweza kazi hiyo bila wasiwasi. Wanafahamu kutenga ubao wa kukatia, kutenga karai, kusoma lebo ya sosi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi tupone. Ujuzi uliojengwa kwa ajili ya mgeni anayelala siku saba utufikie na sisi tunaokaa hapa mwaka mzima, kwenye migahawa ya Kariakoo, Mwanza, Mbeya na Tanga.

Kwa nchi nyingine jambo hili limewekwa kwenye sheria. Umoja wa Ulaya tangu Desemba 2014 unamtaka kila anayeuza chakula, pamoja na mgahawa unaopika na kupakua hapo hapo, aweze kumwambia mteja kama kina kimojawapo kati ya vitu 14 vinavyosababisha mzio na madhara kama haya, nafaka zenye gluteni zikiwa miongoni mwake. Italia, nchi ya tambi na mkate, ilipitisha sheria 2005 inayotaka kantini za shule, hospitali na ofisi za umma ziwe na chakula kisicho na gluteni kwa anayekihitaji. Argentina nayo ina sheria yake ya 2009. Na Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula ambayo Tanzania ni mwanachama wake, imeshaweka kipimo: chakula kikiitwa hakina gluteni, kisizidi miligramu 20 za gluteni kwa kila kilo. Kipimo kipo. Hatuhitaji kuanza upya.

Naomba mambo machache, na nimejitahidi yawe yale yanayowezekana.

Shirika la Viwango, ambalo tangu 2019 ndilo lenye dhamana ya usalama wa chakula Tanzania Bara, pamoja na Wakala wa Zanzibar, liandae kanuni fupi ya kuitaka kila hoteli, mgahawa wenye leseni na mpishi wa sherehe kuwa na daftari la mapishi jikoni. Chakula kimoja, ukurasa mmoja: kimetiwa nini, pamoja na kile cha kuufanya mchuzi uwe mzito, na bizari imetoka kwa nani. Mteja akiuliza, daftari lifunguliwe. Wala lisiwe la ngano peke yake. Kuna watoto wanaoweza kupoteza maisha kwa karanga, kuna wasiovumilia maziwa, mayai, ufuta, pweza na kamba. Daftari moja linawasaidia wote hao.

Wahudumu wa chakula tayari wanatakiwa kupimwa afya kila baada ya muda. Ofisa afya anapopita kukagua vyoo, maji na vyeti vya wahudumu, aongeze swali moja tu kwa mhudumu wa mezani, siyo kwa meneja: hapa chakula gani kina ngano na kipi hakina? Akishindwa kujibu, aelekezwe na arudiwe. Vyuo vya hoteli na VETA viweke somo hili kwenye mafunzo ya kawaida ya mpishi na mhudumu, lisibaki la wanaokwenda kwenye hoteli za watalii. Na katika somo hilo, vijana wafundishwe kwamba wana ruhusa ya kusema "sijui". Mhudumu akiniambia hajui, nitamshukuru na kumwagizia binti yai la kuchemsha. Anayeniambia "hamna shida" bila kujua ndiye anayetulaza hospitali.

Neno "bila gluteni" lisiandikwe kwenye menyu wala kwenye mfuko kwa kufuata upepo. Limeanza kuonekana mijini, na wapo wanaolichukulia kama namna ya kupunguza unene. Anayeliandika awe anaweza kuonyesha kwamba jiko lake linastahili. Kwetu neno hilo ni kama lile linaloandikwa kwenye chupa ya dawa.

Wizara ya Afya itutazamie upande wa kugundua, maana wasiogundulika hawawezi hata kuandika barua kama hii. Mtoto asiyekua, mama asiyepona upungufu wa damu, kijana anayeharisha miezi, na minyoo imeshatibiwa: kipimo cha damu cha seliaki kiwe kwenye orodha ya kufikiriwa, angalau kwenye hospitali za rufaa za mikoa, na bima ikitambue. Na madaktari wawaonye wagonjwa wasiache ngano kabla ya kupimwa, kwa sababu ukishaiacha vipimo vinaweza kutoka safi ilhali ugonjwa upo.

Shule za bweni zinanigusa kwa sababu binti yangu anakaribia kwenda. Chakula cha shule zetu, ugali, maharage, wali, makande, kinamfaa karibu chote. Shida ni asubuhi, kwa mkate, maandazi na uji wa mchanganyiko. Mtoto kama huyu apewe kiazi au uji wa ulezi uliosagwa peke yake, awe na bakuli lake na kijiko chake, na matroni awe na maandishi ya daktari ukutani. Kukataliwa nafasi kwa sababu ya ugonjwa, jambo ambalo nimeshajibiwa na shule moja kwa simu, liwe limekatazwa wazi na mwenye mamlaka.

Najua mtasema wafanyabiashara wadogo hawatauweza mzigo huu. Sijaomba mama lishe aandikiwe faini, na kama mlivyoona, yeye ndiye mwalimu wangu. Anzeni na wakubwa: hoteli zenye nyota, migahawa yenye matawi, kumbi za harusi, wapishi wa sherehe wanaotoza kwa sahani. Hao wana mhasibu, wana kompyuta, wana mtu wa kuchapa menyu mpya kila bei inapopanda. Kuongeza mstari mmoja chini ya kila chakula kunawezekana wiki hii, hata kabla kanuni haijapitishwa.

Wala hatuombi jiko lolote liache ngano. Pikeni chapati zenu, sukumeni maandazi yenu, watoto wengine wale wafurahi, na wadogo zake binti yangu nao ni wapenzi wa chapati. Tunachoomba ni meza moja isiyomwagwa unga, karai moja la viazi peke yake, na mtu mmoja kwa kila zamu anayejua.

Niko tayari kuja ofisini kwa yeyote kati yenu, pamoja na wazazi wengine ambao tumefahamiana kwenye foleni za kliniki, kueleza haya kwa mdomo na kuwaonyesha vyeti vya watoto wetu. Tukiitwa tutakuja siku hiyo hiyo. Na iwapo kanuni za namna hii zimeshaanza kuandaliwa mahali, tunaomba zitangazwe, zibandikwe migahawani kwa Kiswahili, na tupewe namba ya kupiga pale zinapovunjwa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mama wa mtoto mwenye seliaki,
Dar es Salaam